Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mtoto: tunamwambia kufaulu ni nini?

Penseli ya Mkaa (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 14, na vingi ni vile vijitabu vya kurasa 16 au 24 vilivyobanwa pini mbili katikati, mnavyoviona kwenye kona za kusomea za shule za msingi. Mwezi uliopita nikapewa mswada mzuri mno. Binti wa miaka saba anapelekwa kwa bibi yake wakati wa likizo, anajifunza kusuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Siku ya kwanza ukindu unamkata vidole. Siku ya pili ukili unamwendea upogo, huku mpana, huku mwembamba. Bibi anaufumua wote, anamrudishia, wala hamgombezi. Mpaka likizo inakwisha, ukili haujatosha hata robo ya mkeka. Bibi anauviringa, anautundika ukutani, anamwambia mjukuu: utaukuta hapa hapa.

Basi nikachora. Ukurasa wa mwisho niliweka mikono minne tu, ya bibi iliyojaa mishipa na ya mjukuu yenye kitambaa kidoleni, ukili ukiwa katikati. Nilirudia picha hiyo mara tano. Nilikwenda kukaa na jirani yangu anayesuka, nikamtazama alasiri nzima, hadi nikaelewa kwamba kidole gumba cha kushoto hakiondoki mahali pake. Kinabana pale ilipofikia kazi, cha shahada cha mkono wa pili ndicho kinachokunja na kupitisha. Kidole gumba kikilegea, kila kitu kinafumuka. Nikarudi nyumbani nikafuta vidole vyote nikaanza upya.

Rasimu ikarudi na maelekezo: picha ya mwisho ibadilishwe. Binti asimame mbele ya shule, mkuu wa shule amkabidhi kombe, wanafunzi wapige makofi, na mkeka uliokamilika utandazwe miguuni pake. Nikapiga simu kuuliza, kombe la nini? Humu ndani hakuna shindano. Nikajibiwa kwamba wanunuzi wanapenda kuona mtoto amefanikiwa, na mkeka ambao haujaisha si mafanikio.

Usiku ule nikavitoa vitabu vyangu vyote kwenye sanduku, nikavifungua ukurasa wa mwisho kimoja kimoja, nikavipanga sakafuni. Kombe. Joho na kofia yake. Daktari mwenye koti jeupe. Kombe tena. Mvulana ndani ya gari, wanakijiji wanampungia. Wote wamesimama katikati ya karatasi, wanamtazama msomaji, na aliyewashika mkono mwanzoni mwa hadithi hayupo tena. Ni mimi niliyewachora wote hao, na nilikuwa sijawahi kuliona jambo hilo.

Mtoto wa miaka minne au mitano hasomi maneno. Maneno anasomewa, yanapita. Picha ndiyo anayobaki nayo, anaikodolea macho mtu mzima akiwa ameshanyamaza, na ya mwisho ndiyo anayoikodolea kuliko zote kwa sababu hakuna wa kumfungulia ukurasa mwingine. Hapo ndipo kitabu kinapomwambia mtu aliyefaulu anafananaje, ameshika nini, na amesimama na nani.

Naomba tusaidiane. Vitabu mlivyokua navyo, au mnavyowasomea wanenu sasa, ukurasa wa mwisho una nini?

Mama Watatu

Asante kwa uzi. Nimenyanyuka kwenda kuangalia vya kwetu. Viko tisa tu, vingine vimeliwa pembe na mdogo. Vinne vinaishia zawadi au cheti. Kimoja kinaishia watu wanakula pamoja, na hicho ndicho kimechakaa kuliko vyote, jalada nimelishonea uzi.

Kuna kitu nimekumbuka. Wa pili wangu, tukifika kwenye picha ya yule msichana mwenye joho, huwa ananiuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nilikuwa namjibu amekwenda sokoni. Leo nimeona aibu kidogo, maana mtoto aliliona pengo kabla yangu.

Nahodha Mstaafu

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa pwani, umri umekwenda, vitabu vya picha hatukuwa navyo. Tulikuwa na "Paukwa!" na "Pakawa!" gizani, picha kila mtu akijichorea kichwani. Lakini hoja ya kijana naijua, maana hata ngano ina ukurasa wake wa mwisho.

Chukueni sungura na kobe. Wajukuu zangu wanacho kitabuni: sungura anadharau, analala chini ya mti, kobe anajikokota hadi anashinda. Chini yake pameandikwa haraka haraka haina baraka. Hiyo ni ya Esopo wa Wagiriki, imeingia kwetu kupitia vitabu vya shule. Mimi nilivyosimuliwa na mama yangu, sungura hakulala kabisa. Alikimbia kwelikweli. Kobe alikuwa amekwenda usiku kwa ndugu zake, akawapanga njia nzima, mmoja kila kona. Kila sungura akiita "Kobe uko wapi?" sauti inaitika mbele yake, "Niko hapa." Mwisho wa njia anamkuta kobe ametulia, hana hata jasho. Namna hii ya kusimulia imeenea Afrika, na hata Wajerumani wanayo, ndugu Grimm waliichapa mwaka 1843 kwa sungura na nungunungu mdogo aliyemweka mkewe upande wa pili wa shamba.

Sasa angalieni tofauti. Katika ile ya shuleni, kobe ameshinda kwa kuwa hakukata tamaa. Katika ya mama yangu ameshinda kwa kuwa ana ndugu, na akili ya kuwatumia. Mtaniambia huo ni udanganyifu. Ndiyo, na sisi tulikuwa tunabishana juu yake usiku kucha, na mama hakutupa jibu.

Ya pili ni ya Sultani Darai. Askofu Steere aliiandika Unguja kutoka vinywani mwa watu, akaichapa London mwaka 1870, kwa hiyo si mimi niliyeitunga. Maskini anachakura jaani, anaokota thumni, ananunua paa. Paa yule anamtafutia utajiri, anamtafutia hadi binti wa sultani na jumba. Kisha paa anaugua, na yule bwana hamjali, anaagiza apewe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa. Bwana analala, akiamka asubuhi yuko jaani vilevile, anachakura. Hiyo ndiyo picha ya mwisho tuliyolala nayo. Kufika mtu anaweza kufika. Swali lililokuwa likiulizwa ni je, umemtazama aliyekufikisha?

Na chuoni kwetu, mtoto akihitimu msahafu, nyumbani kwao walileta sinia la vitamu na wenzake wote tulikula. Aliyehitimu ndiye aliyetoa. Siku hizi naona aliyehitimu ndiye anayepewa.

Penseli ya Mkaa

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la anayehitimu kutoa na anayehitimu kupewa nimelinakili kwenye daftari langu. Ukitaka kulichora, mabadiliko ni ya mkono mmoja tu: kiganja kikielekea juu au kikielekea chini.

Ughaibuni Baridi

Nawasoma kutoka Minneapolis, niko huku mwaka wa tisa, nina binti wa miaka sita. Maktaba ya mtaa inaruhusu kuazima vitabu vingi mno, kwa hiyo nimesoma vitabu vya picha vya Kimarekani kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote maishani.

Maarufu kuliko vyote kwa jambo hili ni kile cha injini ndogo ya buluu inayopanda mlima ikijisemea kwamba inaona inaweza, The Little Engine That Could, toleo la 1930. Huku hata mtu mzima akitaka kumtia moyo mwenzake anasema maneno ya ile injini. Watu wanakikumbuka kama kitabu cha kujiamini. Nilipokisoma taratibu nikaona kuna jambo linasahaulika: ile injini haikupanda mlima ili ishinde. Kulikuwa na treni ya vinyago na chakula cha watoto wa upande wa pili, imeharibika, injini kubwa zimepita zikakataa kusaidia. Ndogo ikasimama. Kwa macho ya kwetu hiyo ni hadithi ya jirani mwema. Wenyewe wameibeba kama hadithi ya nafsi.

Kingine ni cha Dr. Seuss cha mwaka 1990, Oh, the Places You'll Go!, ambacho kila Mei na Juni hununuliwa kama zawadi ya wanaohitimu, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Ni kijana mwenye nguo za njano anasafiri ulimwenguni. Mzazi hayumo. Ndugu hayumo. Kuna kurasa za mahali pa kusubiri, watu wamejaa wanasubiri treni, barua, mvua, na wamechorwa kama watu waliokwama; shujaa anatakiwa atoroke hapo. Ndiyo maana nilipofika kwenye "utaukuta hapa hapa" ya bibi wa hadithi yako nilisimama kidogo. Bibi yule anamfundisha mtoto kwamba kazi inaweza kukusubiri na wewe ukaisubiri, na hakuna aliyekwama.

Sisemi vya huku ni vibaya. Binti yangu ana uthubutu ambao mimi katika umri wake sikuwa nao, ananyoosha mkono darasani, anakosea, anacheka, anarudia. Hilo vitabu vimemsaidia. Ila jioni nikimsaidia kufunga zipu ya koti anauondoa mkono wangu, "Mwenyewe!" Nampenda anavyosema hivyo, na wakati huohuo linanichoma kidogo.

Mwanafunzi wa Tabia

Mada hii imesomewa sana, niongeze machache.

David McClelland, mwanasaikolojia wa Harvard, alitoa kitabu mwaka 1961, The Achieving Society. Alikusanya hadithi kutoka vitabu vya kusomea vya watoto wa madarasa ya chini katika nchi nyingi, 21 kwa kila nchi, za miaka ya 1920 na za karibu 1950, akahesabu ni mara ngapi mhusika anaonyesha hamu ya kufanya jambo kwa ubora. Kisha akajaribu kuonyesha kwamba nchi zenye hadithi nyingi za aina hiyo uchumi wake ulikua zaidi baadaye. Sehemu hiyo ya uchumi imepingwa sana na waliorudia hesabu zake, na mimi nasimama na waliopinga. Lakini wazo la kwamba kitabu cha mtoto wa darasa la pili ni dirisha la kuonea jamii inathamini nini, hilo limebaki. Mwaka uliofuata wenzake wawili, deCharms na Moeller, walipima vitabu vya Marekani vya kuanzia 1800 hadi 1950, wakakuta hamu ya kufaulu inapanda hadi karibu 1890 kisha inashuka. Nchi ni ileile, wajukuu wakasomeshwa mambo mengine na waliyosomeshwa babu zao.

Karibu na wakati wetu, Cecilia Cheung wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walilinganisha vitabu 380 vya hadithi vinavyopendekezwa kwa watoto wa China, Marekani na Mexico. Vya China vilisisitiza zaidi bidii, uvumilivu na imani kwamba akili inakuzwa.

Kuna hadithi ya Kichina inayofafanua hilo kuliko takwimu. Li Bai, mshairi mkubwa wa karne ya 8, akiwa mtoto alitoroka masomo. Njiani akamkuta bibi kizee anasugua mchi wa chuma kwenye jiwe. Akamuuliza anatengeneza nini. Sindano, akasema. Mtoto akacheka. Bibi akaendelea kusugua, akamwambia nisipoacha itakuwa sindano. Mtoto akarudi kusoma. Hadithi inaishia hapo, na sindano yenyewe hatuioni. Watoto wa China wamekua na picha ya bibi anasugua chuma, na nadhani mhariri wako angeirudisha.

Msomaji wa Usiku

Nimesoma yote, nawaheshimu, lakini nina la kusema na nitalisema wazi.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, Urambo. Shule yetu ilikuwa na kabati moja la vitabu, na ndani yake kimoja kilikuwa na daktari ukurasa wa mwisho. Koti jeupe, kile kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, mtu mweusi kama mimi. Nilikiazima hadi mwalimu akachoka kuandika jina langu. Mikono yangu wakati ule ilikuwa imeganda utomvu mweusi wa tumbaku usiotoka hata kwa sabuni ya mche. Leo ni fundi wa maabara hospitalini. Picha ile ilinivuta.

Bibi yangu naye alisuka mikeka maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kufanya kitu kingine. Kwa hiyo mtu wa mjini akiniambia kombe ni baya na mkeka ambao haujaisha ni mzuri, namuuliza, mzuri kwa nani? Mtoto wa mwenye nacho ana mifano ya kutosha mezani kwao wakati wa chakula cha jioni. Wa kwetu ana kitabu kimoja. Usimnyang'anye ile picha.

Penseli ya Mkaa

Msomaji wa Usiku, umenigusa pabaya, na una haki. Nimeacha kuchora leo nikawaza maneno yako. Mimi nimekulia mjini, baba alikuwa na mshahara, na sikuliona hilo la kabati moja.

Sitaki koti jeupe liondoke. Naomba nikuulize kwa nia njema kabisa: kitabu kile, kati ya ukurasa wa kwanza na ule wa daktari, kulikuwa na nini?

Msomaji wa Usiku

Mtoto anachunga ng'ombe. Anaamua kusoma. Halafu pameandikwa "akasoma kwa bidii," mistari miwili mitatu. Halafu daktari.

Swali lako limenilaza macho. Maana nikikumbuka ile "akasoma kwa bidii" yangu ilivyokuwa, ni koroboi tuliyoificha baba asione mafuta yanavyokwisha. Ni kunakili daftari la mwenzangu niliporudi baada ya wiki za kuvuna. Ni dada yangu anayenifuata, aliyeacha shule darasa la sita, akawa anauza karanga stendi, na ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye kile kisahani chake cha karanga. Yeye hayumo kwenye kitabu chochote. Na nikisema ukweli, hata mimi nikisimulia maisha yangu huwa naruka, nasema nilisoma kwa bidii nikafika.

Nikiambiwa nichore kitabu kile upya, koti jeupe nitaliacha. Nitamweka dada pembeni yake.

Mama Watatu

Msomaji wa Usiku, Mungu ambariki dada yako popote alipo.

Mti wa Mugumo

Habari zenu, niko Nyeri. Nyinyi mmetafuta mifano mbali na mimi ninao mlangoni.

Kati ya 2008 na 2010 zilitoka Marekani hadithi nne za picha kuhusu mtu mmoja, Wangari Maathai: ya Jeanette Winter, ya Claire Nivola, ya Donna Jo Napoli na mchoraji Kadir Nelson, na ya Jen Cullerton Johnson na mchoraji Sonia Lynn Sadler. Mtu ni yuleyule. Alizaliwa Ihithe mwaka 1940, akasomea Atchison, Kansas, akapata uzamifu Nairobi mwaka 1971, akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kina mama ya kupanda miti, mwaka 1977, akasimama mbele ya serikali mwaka 1989 isijenge jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akapata Nobeli mwaka 2004. Ila ukiviweka sambamba unaona kila mwandishi amejiuliza kivyake, mama huyu alifaulu nini?

Johnson na Sadler wanamwonyesha msichana aliyekwenda shule wakati wasichana wengi hawakwenda, akapenda sayansi, akarudi na elimu yake. Mtoto akikifunga anajua kusoma ni kuzuri. Napoli na Nelson hawana haja kubwa na digrii. Wangari wao, Mama Miti, ameketi, wanawake wanamjia mmoja mmoja, huyu hana kuni, huyu mifugo haina malisho, na kila mmoja anapewa mti wa kupanda kwa jina lake la Kikuyu. Anawaaga kwa "Thayu nyumba," amani iwe nanyi watu wangu. Nelson amebandika vipande vya vitambaa kama vile tunavyovaa humu kwenye nguo za wale wanawake na hata kwenye mandhari, kwa hiyo ukipitisha macho huwezi kumtenganisha Wangari na waliomzunguka. Hapo kufaulu ni kuwa mtu ambaye wengine wanaweza kumjia.

Mimi vyote viwili navipenda. Ila kuna mtu mmoja ambaye ningemweka ukurasa wa mbele kabisa. Wangari mwenyewe ameandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alikwenda shule kwa sababu kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akasema hakuna sababu. Ni swali la mtoto wa kiume kwa mama yake, jikoni, na Nobeli yote imetokea hapo. Kama dada wa karanga wa Urambo.

Linaloniuma ni kwamba vitabu vyote vinne vimechapwa ng'ambo, kwa Kiingereza, bei yake hapa ni ya watu wachache. Mtoto wa Ihithe akitaka kumwona Wangari kwenye kitabu kizuri cha picha, inabidi kwanza aingie mkoba wa mtalii.

Mwalimu wa KKK

Wakuu, samahani nimechelewa, mtandao wa huku kijijini ni wa kupanda kilimani. Nafundisha darasa la pili, watoto 94, madawati ya kutosha nusu yao.

Kuhusu kombe, mhariri hajalitoa hewani. Januari 2023 Baraza la Mitihani la hapa Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na Kenya walishasitisha upangaji wa namna hiyo mwaka 2014. Mimi nilifurahi. Lakini siku ya kufunga shule mzazi akija bado swali lake la kwanza ni "Amekuwa wa ngapi?" Hajauliza amejifunza nini. Hata anayenipenda na kuniletea mahindi, anauliza wa ngapi. Wa ngapi ni neno tulilolishwa tukiwa wadogo na halitoki kwa tangazo.

Huwa natumia hadithi za African Storybook, ule mradi wa Saide wa Afrika Kusini, kwa kuwa ni huru, unaruhusiwa kunakili, kutafsiri, hata kubadilisha. Baada ya kusoma uzi huu wiki iliyopita nikapata wazo. Nilichukua kisa cha sungura na kobe, kile cha kulala chini ya mti, nikawasomea hadi pale sungura anapofumba macho. Nikafunga kitabu. Nikawagawia nusu karatasi kila mmoja, nikawaambia, chora ukurasa wa mwisho.

Kelele zilizotokea sitazieleza. Wengi walichora kobe na kombe, na kombe lingine lilikuwa kubwa kuliko kobe mwenyewe. Baadhi walimchora kobe juu ya jukwaa na spika pembeni, kama ile siku mheshimiwa alipokuja kijijini. Hawakuwa na picha nyingine kichwani, wangeitoa wapi?

Penseli ya Mkaa

Mwalimu, asante sana. Zikiwezekana kupigwa picha nitazichapisha nizibandike juu ya meza yangu ya kazi.

Niwape na habari za kwangu. Jana nimerudi kwa mhariri, safari hii kwa miguu, si kwa simu. Nimembebea michoro miwili. Ya kwanza ni ileile ya mikono minne. Ya pili nimemchora binti amerudi shuleni, yuko kwenye kivuli cha mwembe na wenzake watatu, amebana ukili kwa kidole gumba cha kushoto, anawaonyesha. Mmoja wa wale wenzake tayari ana kitambaa kidoleni. Kombe sikuchora. Mhariri amezitazama muda mrefu, akaniambia mama yake mzazi alikuwa msusi, kule Rufiji. Hakusema ndiyo. Amesema nimwachie hadi Ijumaa.

Ughaibuni Baridi

Hiyo ya pili! Ichapwe. Nitanunua nakala za darasa zima la binti yangu, nami nitakwenda kuwasomea mwenyewe kwa Kiswahili.

Msomaji wa Usiku

Nimempigia dada. Nimemwambia kuna watu wanamzungumzia kwenye mtandao. Ameniuliza, wamesema nini kuhusu karanga zangu.

Mwalimu wa KKK

Mkuu Penseli, nimezipiga picha zote, nitazituma nikishuka mjini Jumamosi. Kuna moja nimeiweka kando, niwaelezee.

Ni ya mtoto wa kike anayekaa nyuma kabisa, hazungumzi sana, anakuja na mdogo wake mgongoni siku za soko. Amechora mstari mmoja kwa penseli ya rangi, mwisho wa mbio. Kobe ameshavuka mstari, lakini amegeuka, kichwa kimeelekea alikotoka. Nyuma kabisa, kwenye ule mti, sungura bado amelala. Nikamuuliza kobe anafanya nini. Akasema, "Anarudi kumwamsha, jua litamchoma."

Jina lake ameliandika chini, na herufi zote amezielekeza sawa, kwa mara ya kwanza tangu Januari.